Tanbihi za Vitabu Visivyokuwepo: Uchambuzi wa Kisa cha Akili Unde Katika Mradi wa Historia

Kisa hiki, cha mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa kuwasilisha maandishi ya akili unde (AI, yaani programu zinazoweza kutunga maandishi) kama kazi yake, kilitokea katika shule ya sekondari ya umma jimboni Massachusetts, Marekani. Kilianza mwishoni mwa mwaka 2023, na Novemba 2024 kilitolewa uamuzi katika mahakama ya shirikisho. Majina ya mwanafunzi, wazazi, walimu na shule yameondolewa, pamoja na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha kijana mwenyewe. Tumekichagua kwa kuwa ni miongoni mwa visa vichache vya aina hii ambavyo ushahidi wake umepimwa mahakamani hatua kwa hatua. Shule ilifaulu katika uamuzi huo. Ushahidi ulioibeba ni tofauti na ule ambao shule nyingi huukimbilia kwanza.

Usuli

Mwanafunzi alikuwa mwaka wa tatu kati ya minne ya sekondari ya juu, akisoma Historia ya Marekani kwa kiwango cha juu, yaani somo ambalo mtihani wake hutambuliwa na vyuo vikuu vingi nchini humo. Sehemu ya alama za somo ilitokana na mradi mrefu uliofungamana na shindano la kitaifa la historia kwa wanafunzi. Yeye na mwenzake waliamua kutengeneza filamu fupi ya maelezo kuhusu mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu na nafasi yake katika harakati za haki za raia. Mradi uliwasilishwa vipande vipande: kwanza notisi za utafiti, kisha rasimu ya mswada wa filamu, mwisho kazi iliyokamilika. Kila kipande kilikuwa na alama zake.

Shule ilikuwa na kanuni za aina mbili. Kitabu cha mwongozo wa wanafunzi kilikataza kutumia teknolojia bila ruhusa katika kazi za tathmini, na kilikataza kuchukua lugha au mawazo ya mwandishi mwingine na kuyafanya yako. Pembeni yake kulikuwa na waraka wa idara ya Kiingereza, uliogawiwa darasani mwanzoni mwa mwaka huo wa masomo, uliosema waziwazi kwamba akili unde haitumiki katika mitihani ya darasani, insha, kazi za nyumbani wala za darasani isipokuwa mwalimu ameruhusu na kutoa maelekezo. Mwanafunzi huyu alikuwapo waraka ulipojadiliwa. Lakini ulijadiliwa katika kipindi cha Kiingereza, na kazi yenye mgogoro ilikuwa ya historia. Pengo hilo ndilo wazazi walilolishika baadaye.

Chombo kilichotumika ni Grammarly. Kwa miaka mingi wanafunzi na walimu wamekijua kama kisahihishaji cha tahajia na sarufi. Mwaka 2023 kiliongezewa uwezo wa kutunga maandishi mapya kwa kupewa agizo, na shule iliyokuwa imekiruhusu kwa ajili ya sarufi ikajikuta, bila kubadilisha neno hata moja katika kanuni zake, imeruhusu kitu kingine kabisa.

Kilichotokea

Desemba 2023 wanafunzi wawili waliwasilisha rasimu ya mswada kupitia Turnitin, mfumo ambao shule na vyuo hutumia kulinganisha kazi za wanafunzi na maandishi yaliyokwisha kuchapishwa. Tangu Aprili mwaka huohuo Turnitin ilikuwa imeongeza kigunduzi cha akili unde, nacho kiliweka alama kwenye sehemu za mswada huo.

Mwalimu hakuishia hapo. Alifungua historia ya uhariri ya hati yenyewe, akakuta kwamba mwanafunzi alikuwa ametumia takriban dakika 52 ndani ya hati. Wanafunzi wengine darasani walikuwa wametumia kati ya saa 7 na 9 kwa kazi ileile. Akatumia pia Draftback, programu inayorudisha uandishi wa hati kama filamu, herufi moja baada ya nyingine, ili kuona maneno yalivyoingia. Kigunduzi kingine cha akili unde nacho kilitoa jibu linalofanana na la Turnitin.

Uzito wa kisa ulikuwa chini ya kurasa. Tanbihi ya kwanza ilitaja kitabu cha mwandishi anayeitwa Robert Lee, kilichodaiwa kuchapishwa Los Angeles mwaka 2018. Kitabu hicho hakipo. Tanbihi ya tatu ilitaja kitabu kilichodaiwa kuchapishwa Chicago mwaka 2017, mwandishi wake akiwa ni "Doe, Jane". Kwa Wamarekani, Jane Doe ni jina la kuazima analopewa mwanamke asiyejulikana, kama sisi tunavyosema Fulani binti Fulani. Kuna vyanzo vingine katika mswada vilivyokuwa vya kweli. Hakuna mahali popote ambapo Grammarly wala akili unde ya aina yoyote ilitajwa.

Maamuzi ya shule na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumsikiliza mwanafunzi kabla ya kuhitimisha. Mwanafunzi aliitwa na kuulizwa, wazazi wakashirikishwa, na viongozi wa shule wakapitia ushahidi. Katika mfumo wa shule za umma wa Marekani hili ni takwa la sheria kwa adhabu nzito kama kusimamishwa masomo: mtoto lazima ajue anatuhumiwa nini na apewe nafasi ya kujibu.

Wa pili ulikuwa kutoa alama ya kufeli katika vipande viwili, yaani notisi na rasimu, huku kila mmoja wa wale wawili akiruhusiwa kuanza mradi upya, peke yake, na kuwasilisha kazi ya mwisho kwa alama. Hapa shule ilitenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: adhabu ya kazi isiyo halali, na nafasi ya kuonyesha kama mwanafunzi anaijua historia aliyotakiwa kuijua. Kuwatenganisha wawili hao kulikuwa na faida nyingine. Katika kazi ya pamoja ni vigumu mno kujua nani alibandika nini.

Wa tatu: mwanafunzi alipewa adhabu ya kubaki shuleni siku ya Jumamosi.

Wa nne uligusa jumuiya ya heshima ya kitaifa ya wanafunzi, ambayo uanachama wake huhesabika katika maombi ya vyuo vikuu. Mwanzoni alikataliwa. Baadaye aliruhusiwa kuomba tena, akapokelewa.

Matokeo

Septemba 2024 wazazi walifungua kesi, nayo ikahamishiwa mahakama ya shirikisho. Waliomba zuio la muda litakaloilazimu shule kupandisha alama ya somo hadi B na kufuta adhabu katika kumbukumbu, kwa kuwa msimu wa maombi ya vyuo vikuu ulikuwa umewadia. Hoja zao zilikuwa tatu hasa: hakukuwa na kanuni ya wazi iliyokataza akili unde katika somo la historia, maandishi ya mashine hayana mwandishi, hivyo kuyachukua si wizi wa maandishi, na vigunduzi haviaminiki.

Tarehe 20 Novemba 2024 mahakama ilikataa kutoa zuio. Iliona kwamba shule ilikuwa na sababu za kutosha kuhitimisha kuwa kanuni zimevunjwa, na kwamba mwanafunzi yeyote katika nafasi ile angeelewa hivyo. Jaji alikubali kwamba akili unde inawaletea walimu maswali magumu, lakini akasema kisa hiki hakikuwa miongoni mwa hayo magumu: hakuna lengo la kielimu linaloonekana katika kuiagiza mashine itunge mswada, kuunakili bila kuitaja, kisha kudai ni kazi yako. Kuhusu vigunduzi, alizingatia kwamba shule haikuvitegemea peke yake. Kilikuwa ni uamuzi wa zuio, na si hukumu ya mwisho ya kesi nzima, lakini ndio uliopima ushahidi.

Uchambuzi: kama ingekuwa asilimia peke yake

Hebu tuchukulie kwamba mwalimu angeishia kwenye ile alama ya Turnitin. Hoja ya tatu ya wazazi ingekuwa na nguvu kubwa, na kwa haki.

Kigunduzi hakitafuti chanzo. Kwa wizi wa kawaida wa maandishi, Turnitin humwonyesha mwalimu ukurasa ulionakiliwa na mwanafunzi anaweza kuuona kwa macho yake. Kwa akili unde hakuna ukurasa wa kuonyesha. Programu hupima tu jinsi maneno yanavyotabirika na jinsi sentensi zinavyofanana kwa urefu na muundo, kisha hutoa makisio kwa asilimia. Mwanafunzi asiye na hatia hana njia ya kuyapinga makisio hayo, kwa kuwa hakuna alichoonyeshwa.

OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kigunduzi Januari 2023. Kwa vipimo vyao, kilitambua 26% tu ya maandishi ya mashine, na kiliyatuhumu 9% ya maandishi ya binadamu. Julai mwaka huo wakakiondoa. Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilizima kigunduzi cha Turnitin baada ya kupiga hesabu rahisi: chuo kiliwasilisha kazi 75,000 mwaka 2022, na Turnitin ilidai makosa ya 1%, maana yake kazi zipatazo 750 zingeweza kutuhumiwa kimakosa kwa mwaka mmoja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo zito zaidi. Watafiti wa Stanford walichapisha mwaka 2023 matokeo ya kupima vigunduzi 7 kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani 61.3% ya insha hizo zilitajwa kuwa za mashine, ilhali za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote. Anayeandika kwa lugha ya pili hutumia msamiati mdogo na miundo aliyofundishwa darasani, na hayo ndiyo ambayo kigunduzi huyaona kama dalili ya mashine. Mwanafunzi wa Dodoma au Kakamega anayeandika Kiingereza safi cha shuleni yuko katika kundi hilohilo. Mwalimu anayemwadhibu kwa asilimia ya kigunduzi anaweza kuwa anamwadhibu kwa kujifunza vizuri alichofundishwa.

Kuna kosa baya zaidi ya hilo, nalo ni kuibandika kazi ya mwanafunzi ndani ya ChatGPT na kuiuliza, "Wewe ndiye uliyeandika hii?" Mei 2023 mhadhiri mmoja huko Texas alifanya hivyo, na wanafunzi waliokuwa wanakaribia kuhitimu wakacheleweshewa vyeti. ChatGPT haina kumbukumbu ya maandishi iliyowatungia watu wengine, na inaweza kujibu "ndiyo" hata kwa maandishi ambayo haijawahi kuyaona.

Dakika 52: zinasema nini na hazisemi nini

Historia ya uhariri ni ushahidi wa aina bora kwa sababu mwanafunzi anaweza kuangalia kile kile anachokiangalia mwalimu. Wanakaa mbele ya skrini moja na kuona saa 3:14 usiku hakuna kitu, saa 3:15 kuna aya nne kamili zenye tanbihi. Swali linajitokeza lenyewe: aya hizi zilitoka wapi?

Hata hivyo dakika peke yake zinaweza kupotosha. Programu huhesabu muda ndani ya hati ile tu. Aliyeandika kwenye daftari kisha akachapa, aliyeandika kwenye simu katika programu nyingine akahamishia, au aliyefanya kazi na mwenzake aliyeshika kompyuta, wote wataonekana na dakika chache. Katika mazingira yetu, ambako wanafunzi wengi huandika kwa mkono na kwenda kuchapishiwa steshenari au saiba, dakika 52 ni muda wa kawaida kabisa na huenda zikawa si za vidole vya mwanafunzi. Ndiyo maana rasimu za mkono zinapaswa kukusanywa na kutunzwa, ziwe na tarehe na sahihi ya mwalimu, wiki mbili au tatu kabla ya kazi ya mwisho. Rasimu hiyo humlinda mwanafunzi mkweli kuliko programu yoyote.

Kwa anayetumia Google Docs, mambo matatu huharibu ukaguzi. Kwanza, mwalimu aliyepewa ruhusa ya kutazama tu hawezi kuona historia ya matoleo. Lazima apewe ruhusa ya kuhariri. Pili, mwanafunzi akitengeneza nakala ya hati na kuwasilisha nakala, historia hubaki kwenye hati ya awali. Tatu, akipakua na kutuma faili la PDF, hakuna historia kabisa. Maelekezo ya kazi yaseme tangu siku ya kwanza kwamba hati itaandikwa mwanzo hadi mwisho katika faili moja, na kwamba mwalimu ataongezwa kama mhariri kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Kudai hivyo baada ya tuhuma ni kuchelewa. Kwa Word, historia hiyo hupatikana faili likiwa limehifadhiwa OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft; lililokaa kwenye flashi halina.

Tanbihi ndizo zilizomaliza mjadala

Vitabu viwili visivyokuwepo ni ushahidi ambao hauhitaji mtaalamu. Akili unde hutunga marejeo kwa njia ileile inayotunga sentensi: hukadiria neno gani linaelekea kufuata. Marejeo yana umbo linalotabirika sana (jina la ukoo, jina la kwanza, jina la kitabu, mji, mchapishaji, mwaka), kwa hiyo mashine hujaza kila nafasi kwa kitu kinachofaa kuwapo pale, hata kama kitabu chenyewe hakijawahi kuandikwa. Matokeo yake huonekana sahihi kwa jicho la haraka. Ndiyo maana wanafunzi hawayashtukii.

Kukagua huchukua dakika tano kwa kazi moja. Chagua marejeo matatu, si lazima yote. Tafuta jina kamili la kitabu katika WorldCat, ambayo huunganisha katalogi za maktaba nyingi duniani, na katika Google Books. Kama ni makala ya jarida, nenda kwenye tovuti ya jarida, fungua toleo na ukurasa uliotajwa. Usitafute kwa jina la mwandishi pekee, kwani mashine mara nyingi humchukua mwandishi wa kweli na kumbandikia kitabu ambacho hakukiandika. Kikikosekana, bado usihukumu: huenda kuna kosa la tahajia, au ni kijitabu cha mchapishaji mdogo wa hapa nyumbani ambaye hayumo katika katalogi hizo. Muulize mwanafunzi, "Kitabu hiki ulikisomea wapi? Nionyeshe." Aliyekisoma ataeleza kiko kwa nani, kina jalada gani, alichukua nini ndani yake. Mwanafunzi asiyekiona kamwe hawezi kujibu, na ukimya huo unaandikwa kwenye kumbukumbu ya mahojiano kama ulivyo.

Ona pia kwamba tanbihi za uongo ni kosa hata akili unde isingekuwapo. Mwanafunzi ametaja chanzo ambacho hakukisoma. Shule ambayo haijaandika neno lolote kuhusu akili unde bado inaweza kulishughulikia hilo kwa kanuni zake za zamani, bila kubishana kama mashine ni mwandishi au la.

Pale shule ilipokuwa na udhaifu

Kanuni ilistahimili, lakini kwa jasho. Kama waraka wa akili unde ungetolewa na mwalimu wa historia, ukiwa umeambatishwa kwenye karatasi ya maelekezo ya mradi huu, hoja ya kwanza ya wazazi isingekuwa na pa kusimama. Kanuni ya jumla ya shule hueleza msimamo; karatasi ya kazi ndiyo inayomwambia mwanafunzi afanye nini leo usiku. Na isiseme tu "akili unde hairuhusiwi". Itaje vitendo: kutafuta mada inaruhusiwa au la, kusahihisha tahajia inaruhusiwa au la, kuandikiwa aya upya, kutafutiwa vyanzo, kutafsiriwa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Hili la mwisho husahaulika, na kwa wanafunzi wetu ndilo linaloleta mabishano mengi, kwa kuwa mwanafunzi anayewaza kwa Kiswahili na kuiachia mashine Kiingereza huona kwa dhati kwamba mawazo ni yake. Kuorodhesha majina ya programu hakusaidii. Grammarly ya mwaka 2022 na ya 2024 zina jina moja na kazi tofauti.

Udhaifu wa pili ni wa ratiba. Notisi na rasimu zote mbili ziliathirika, maana yake tatizo lilianza mapema katika mradi kuliko lilipogunduliwa. Kituo kimoja cha ukaguzi katika hatua ya notisi, ambapo kila mwanafunzi analeta vyanzo viwili mkononi au kwenye skrini na kueleza kwa dakika tatu alichopata humo, kingevikamata vitabu hewa kabla ya kugeuka kuwa mswada. Kwa darasa la wanafunzi 45, dakika tatu kwa kila mmoja ni vipindi vitatu hadi vinne. Ni gharama kubwa. Kwa darasa la 90, kama yalivyo mengi ya madarasa yetu, mwalimu atalazimika kuchukua sampuli kwa kura, na wanafunzi wote wajue mapema kwamba kura itapigwa.

Udhaifu wa tatu ni ile jumuiya ya heshima. Kumkataa mwanafunzi kisha kumpokea kuliwapa wazazi sababu ya kusema hakuna kipimo kimoja. Adhabu ya pembeni, inayoamuliwa na kamati nyingine bila kigezo kilichoandikwa, hudhoofisha hata ile adhabu kuu iliyoamuliwa vizuri. Kama kosa la kwanza la kitaaluma lina athari kwenye uongozi wa wanafunzi, tuzo au barua za mapendekezo, iandikwe inadumu kwa muda gani, na ifuatwe kwa kila mtoto, awe wa mwalimu mkuu au wa mlinzi wa geti.

Adhabu yenyewe tunaiona ilikuwa na kipimo. Mwanafunzi alipoteza alama za vipande alivyovikiuka, akatumikia Jumamosi yake, akapewa nafasi ya kuanza mradi upya peke yake. Shule inayotaka kufuata njia hiyo itayarishe mambo mawili kabla ya kosa la kwanza kutokea: tarehe ya mwisho ya kazi ya marudio, isiyozidi wiki tatu ili muhula usiishe, na mwalimu wa pili wa somo hilo atakayeisahihisha, kwa kuwa aliyegundua kosa hawezi kulisoma jina lile kwa macho mapya.